Ubeti uliosubiri miaka mitatu: somo la "The Message" kwa anayeanza kurap

Kila kijana anayekuja kurekodi kwangu kwa mara ya kwanza namwomba jambo moja kabla hatujagusa maiki. Avae hedifoni, aweke simu mbali, asikilize "The Message" mwanzo hadi mwisho, dakika 7 na ushee. Wengi huvua hedifoni na kuniambia mbona biti inakwenda taratibu hivi. Nami humwambia vizuri, umeshasikia la kwanza.

Wimbo huo ulitoka mwaka 1982 kwenye lebo ya Sugar Hill, huko Englewood, New Jersey, kwa jina la Grandmaster Flash and the Furious Five. Siku hizo rap ilikuwa muziki wa sherehe. MC alishika maiki ili watu wacheze: ajisifu, amsifu DJ wake, aamshe ukumbi. Flash na vijana wake waling'ara kwa kazi hiyo pale Bronx, New York, na ndiyo iliyowapa jina. Basi walipoletewa wimbo wa vioo vilivyovunjika, ngazi zinazonuka mkojo, panya, mende, na gari linalobebwa kwa sababu ya deni, waliukataa. Nani atacheza hiyo? Msiwacheke. Wao walikuwa wanawajua watu wao kuliko mtu yeyote, na mwaka 1982 swali lao lilikuwa la haki kabisa.

Aliyeutunga kwa sehemu kubwa hakuwa hata mmoja wa kundi. Ni Ed Fletcher, aliyeitwa Duke Bootee, mwanamuziki aliyepiga ala studioni kwa ajili ya lebo. Na aliyeng'ang'ania kwamba wimbo lazima utoke ni Sylvia Robinson, mwenye lebo, mama aliyekuwa ameimba na kurekodi tangu miaka ya 1950. Yeye ndiye aliyetoa wimbo wa rap "Rapper's Delight" mwaka 1979, hivyo alishaona mara moja kitu ambacho wengine walikiona upuuzi kikiuzwa kote. Mwishowe, kati ya marapa watano, Melle Mel pekee ndiye aliyeingia kughani beti na Fletcher. Flash mwenyewe, bingwa wa santuri, hakupiga chochote humo. Wenzake unawasikia mwishoni tu, kwenye kile kipande cha mazungumzo ya kona ya mtaa, kabla polisi hawajafika na kuwakamata.

Sasa rudi kwenye biti. Ina mapigo 100 hivi kwa dakika, na sikiliza ilivyo na vitu vichache: ngoma, besi inayotembea bila haraka, na kinanda kinachotoa kifungu kifupi cha sauti kisha kunyamaza. Kile kinyamazo ndicho kinachobeba wimbo. Neno likitamkwa, halina cha kugombana nalo.

Hili nililielewa kwa kuharibu kazi ya mtu. Alikuja binti mmoja na mistari kuhusu baba yake aliyekuwa mgonjwa kitandani, mistari mizito, imeandikwa kwa penseli na kufutwafutwa. Mimi kwa kutaka kumpa kitu kikubwa nikampangia gitaa, filimbi, sauti za nyuma, makofi, kinanda cha pili. Tulipocheza, ukawa wimbo mzuri ambao hujui unasema nini. Alikaa kimya, akauliza kama anaweza kusema kwa nguvu zaidi. Hapo nikaona aibu, maana tatizo halikuwa koo lake. Nikaanza kuzima kimoja kimoja. Filimbi ikaondoka, makofi yakaondoka, gitaa likaondoka. Tulipobaki na ngoma na besi tu, aliposema neno "dripu" nilisikia ile dripu. Tangu siku hiyo, kabla sijaongeza sauti yoyote kwenye biti najiuliza itamfunika nani.

Nawaomba pia msichome madaftari yenu ya zamani. Ubeti wa mwisho wa "The Message", ule wa mtoto anayezaliwa asiyejua jema wala baya, Melle Mel hakuuandika kwa ajili ya wimbo huo. Alishaughani mwaka 1979 kwenye "Superrappin'", wimbo wa kundi uliotoka lebo ya Enjoy. Kule maneno yalikuwa yamezungukwa na majigambo ya sherehe, biti inakimbia, marapa wanapokezana. Yakapita. Miaka mitatu baadaye yaleyale yakawekwa juu ya biti tulivu, baada ya beti za Fletcher zilizokwisha kumpitisha msikilizaji kwenye zile ngazi, na watu wakasimama kusikiliza.

Angalieni pia ubeti wenyewe ulivyojengwa. Hauhubiri. Melle Mel anamwita mtoto "wewe" na kumfuata hatua kwa hatua: anakua akiwatamani wahuni wenye magari na pesa, anaacha shule, anaingia kwenye wizi, anafungwa miaka 8, anadhalilishwa gerezani, na siku moja anakutwa amejinyonga ndani ya selo. Hakuna mahali rapa anapokwambia usifanye hivi. Wengi wenu mkiandika wimbo wa maisha mnakimbilia kuwaasa watu tangu mstari wa pili. Mfuateni mtu mmoja hadi mwisho wake, na mvumilie kukaa naye.

Mengine mnayajua au mtayasoma: mwaka 2002 Maktaba ya Bunge la Marekani iliuweka wimbo huu kwenye kundi la kwanza kabisa la rekodi za kuhifadhiwa kitaifa, na mwaka 2007 Flash na wenzake wakawa kundi la kwanza la hip hop kuingizwa Rock and Roll Hall of Fame, ukumbi wa heshima wa wanamuziki huko Marekani. Heshima kubwa, lakini mimi nataka mtazame karatasi. Watunzi walioandikishwa ni wanne: Fletcher, Melle Mel kwa jina lake Melvin Glover, Robinson, na Jiggs Chase, aliyeutayarisha pamoja na Fletcher na Robinson. Rapa Puff Daddy alipoichukua biti ile mwaka 1997 na wimbo wake ukashika namba moja Marekani, majina hayo yalikwenda nayo. Wanakundi ambao hawakuandikwa kama watunzi, hata kama sura zao ndizo zinazokumbukwa, walikuwa nje ya hesabu hiyo. Kundi lenyewe lilivunjika mapema, na mwaka 1983 Flash alikuwa mahakamani na lebo kuhusu malipo na haki ya jina. Kwa hiyo nikikwambia tuandike nani katunga nini kabla hatujatoka studio, usidhani sikuamini. Andika, saini, piga picha, kila mmoja aondoke na nakala yake.

Mkimaliza kuusikiliza, itazameni na video. Vijana wanatembea mitaani New York wakiwa wamependeza, na zinapofika beti za Fletcher, anayechezesha midomo mbele ya kamera ni Rahiem wa Furious Five. Sauti ni ya Fletcher.