Visukuku vya pwani ya Unguja: ya kujua kabla hujaokota kitu

Wengi wanaoanza kutafuta visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale, wamekwishaona picha za Mto Peace kule Florida: watu wamesimama majini hadi kiunoni, wanachekecha kokoto na kutoa meno meusi ya papa. Unguja haina mto wa namna hiyo. Sehemu kubwa ya pwani yetu ni jiwe la matumbawe, yaani mwamba wa baharini wa zamani uliobaki nchi kavu bahari iliposhuka. Kisukuku cha huku mara nyingi kimo ndani ya jiwe, hakikulala mchangani. Chekecheke iache kwanza, ujifunze kusoma jiwe.

Nenda siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, pamoja na siku mbili tatu zinazofuata. Siku hizo maji hupwa sana mnamo saa nne hadi saa tano asubuhi, na kila siku inayofuata huchelewa kama dakika 50. Anza mapema maji yakiwa bado yanatoka, uyafuate, na yakianza kurudi nawe urudi. Chini ya majabali yaliyoliwa na mawimbi, kama ya upande wa Kizimkazi na Makunduchi, maji yakikukuta huna pa kupandia. Wala usikae kivulini chini yake, mapande huanguka.

Vaa viatu vya kufunga vyenye soli nene, kandambili hazifai. Chukua brashi laini ya meno, lenzi ya kukuza mara 10, rula, chupa ya maji, daftari na penseli. Wino ukirowa hufutika. Nyundo ibaki nyumbani. Kuvunja jiwe au kuondoa kitu cha kale kunataka ruhusa ya wanaosimamia makumbusho na mambo ya kale, na hata kwa kutazama tu ni adabu kupita kwa sheha kwanza.

Kosa kubwa la wanaoanza ni kudhani kila kilichogandamana na jiwe ni cha kale. Chaza wa mawe wanaishi leo. Wamebandika juu ya mwamba, na ukipitisha kidole unakwaruzwa na ukingo wao uliojitokeza. Kisukuku kimekatwa pamoja na jiwe: uso wake na uso wa mwamba vimelingana, na unaona ndani yake kana kwamba kimepitiwa na msumeno. Vivyo hivyo matundu ya duara: mengi yametobolewa juzi na wanyama wa sasa waliojichimbia makazi ndani ya jiwe la kale. Jiwe ni la zamani, tundu ni jipya. Na mchanga wa ufukweni nao huweza kushikana ukawa jiwe kwa miaka michache tu. Vipo vigae vya chupa za soda vilivyoganda humo, kwa hiyo ugumu peke yake haukuambii umri.

Mwagia maji kidogo, piga brashi, kisha tazama kwa lenzi. Tumbawe la ubongo lina mifereji inayopindapinda. Porites, aina nyingine ya tumbawe, ni bonge lenye vitundu vidogo mno, kama vya sindano. Mistari sambamba inayokwenda juu ni tumbawe lililokatwa kwa wima. Tridacna, lile kombe kubwa lenye ukingo wa mawimbi, huonekana kama bamba nene jeupe lililojikunja. Likiwa na pande zote mbili zimefumbana, andika hivyo: mnyama akifa kano huoza na pande huachana, basi hilo lilifukiwa upesi. Bonge la tumbawe lililoelekea juu limebaki lilipoota. Lililopinduka lilivingirishwa na mawimbi. Habari hizi hupotea mara kipande kinapong'olewa, ndiyo maana picha nzuri ina faida kuliko kipande kilichomo mfukoni. Piga mbili, moja ya karibu ikiwa na rula, nyingine ya mbali inayoonyesha jabali zima. Andika tarehe, mahali, urefu kutoka mchangani na upande wa dira.

Makombe yaliyolala ovyo kwenye udongo pamoja na majivu na vigae vya vyungu ni mabaki ya chakula cha watu. Hiyo ni kazi ya wanaakiolojia, usichokonoe.

Na jino la papa? Ukiliokota jeupe karibu na diko, pale wavuvi wanaposhusha samaki, fikiria jiko kwanza. Papa huliwa sana hapa, na mwenyewe akiwa hai humwaga maelfu ya meno. Weusi hutokana na madini ya matope lilimolala, kwa hiyo rangi haitoshi kutaja umri. Pasha ncha ya sindano hadi iwe nyekundu, gusa mzizi wake. Likinuka kama nywele zilizoungua, bado lina protini, ni jipya. Lisiponuka, usishangilie: jino lililopigwa na jua siku nyingi nalo huweza kukosa harufu. Usilisafishe kwa siki, wala kombe wala tumbawe, maana asidi hula vyote hivyo. Maji baridi na brashi vinatosha, kisha lianikwe kivulini.