Tafuta kwanza bei ya kilo moja

Maharage ya njano nilikuwa nanunua soko la Mbuyuni, hapa Moshi, sado (kopo la kupimia) 9,000. Duka la jirani lilipoanza kuyauza kilo 3,000 nikahamia huko, maana naona natoa hela kidogo. Nikakaa miezi mitatu bila kupiga hesabu.

Aliyenizindua ni binti yangu wa darasa la nne. Kwenye kazi ya nyumbani aliandika kwamba robo ni kubwa kuliko theluthi, kwa kuwa 4 inazidi 3. Nikakata chapati moja vipande vitatu, nyingine vinne, nikamwambia achague kipande. Akachukua cha theluthi, akaangalia daftari lake, akafuta. Kisha akauliza: "Mama, na sado ni kilo ngapi?" Sikuwa na jibu.

Wiki hiyo nikanunua sado moja sokoni na kuipeleka kwenye mizani. Kilo 3 na robo. Hapo ndipo wengi hukwama, kwa sababu kugawa kwa "tatu na robo" kunatisha. Geuza vyote viwe robo: kilo 3 ni robo 12, ongeza ile moja, robo 13. Gawa 9,000 kwa 13, unapata kama 692, hiyo ni bei ya robo. Zidisha kwa 4, kilo inakuja karibu 2,770. Nyumbani tunakula sado mbili kwa mwezi, yaani 18,000. Uzito huo huo dukani ni 19,500.

Nikarudi sokoni kwa furaha, safari hii kwa muuzaji mwingine. Sado 9,000 vilevile. Nilipopima nikakuta kilo 2 na robo tatu. Kitako cha sado yake kilikuwa kimebonyea kwa ndani, na ukishamiminiwa kwenye mfuko huoni kitu. Robo 11, kilo karibu 3,270. Hapo duka lilikuwa nafuu! Iliniuma sana, kwa sababu wanaonunua pale wengi ni kina mama wanaohesabu kila shilingi.

Wakulima nao wanaumizwa hivyo hivyo na lumbesa, yaani gunia linalojazwa kupita kipimo chake. Gunia likiwa la debe 6, na juu limeongezwa debe moja na nusu, umetoa bure robo ya gunia.

Kwa hiyo ukiambiwa robo, uliza ni robo ya nini. Anayenunua sukari robo kwa 800 wakati kilo ni 3,000 analipa 3,200 kwa kilo. Kama mfukoni ana 800 tu, simlaumu. Mwenye uwezo wa kuchanga na jirani anunue kilo nzima wagawane.

Siku hizi naenda Mbuyuni na sado yangu isiyobonyea. Wapo wanaokataa kunipimia nayo. Nawashukuru, nasogea meza inayofuata.