Usinunue CDI kabla ya kupima waya wa hasi: jibu kwa mwenye CG125 ya mkononi

Ndugu, usinunue hiyo CDI (kisanduku kinachoratibu cheche ya plagi), na kama fundi wako ameshaifuata dukani mpigie simu arudi. Umeeleza kwamba pikipiki yako ya Honda CG125 ya mkononi, yaani iliyokwishatumika, inawaka vizuri kwa kiki, lakini honi inakoroma, indiketa zinawaka moja kwa moja bila kuzima, betri haikai na chaji, na ukikanyaga breki usiku indiketa nazo zinamulika kwa mbali. Umeuliza pia ununue betri ya aina gani na kama inafaa kuweka taa ya LED mbele; hayo yasubiri mpaka waya wa hasi upimwe. Fundi naye amekuandikia orodha: CDI, rektifaya (kifaa kinachodhibiti umeme unaochaji betri), koili za magneto (jenereta ndogo ya injini) na betri mpya. Orodha hiyo naifahamu, kwa sababu niliandikiwa iyo hiyo kwa pikipiki ya aina hiyo hiyo, nikainunua yote, na fedha iliyokwenda ingetosha kununua matairi mawili mapya na mnyororo wake.

Nianze na CDI, maana hapo ndipo hasira yangu ilipo. Katika CG125 nyingi za zamani, na katika pikipiki nyingi za Kichina zilizoiga injini yake, CDI hupata umeme kutoka kwenye koili yake maalumu ndani ya magneto, wala haitegemei betri. Ndiyo sababu pikipiki hizo huwaka kwa kiki hata betri ikiwa imeondolewa. Kazi ya CDI ni kupeleka umeme kwenye koili ya plagi ili cheche itoke kwa wakati wake; haihusiki na honi, haihusiki na indiketa, na haichaji betri. Pikipiki inayowaka kwa kiki na kupanda mlima bila kukatakata inakueleza yenyewe kwamba CDI yake ni nzima. Fundi anayesikia honi ikikoroma kisha akataja CDI, ama hajui anachokishika, ama anajua na ana asilimia yake dukani. Mimi niliambiwa kwa uhakika kabisa kwamba "hizi za zamani ugonjwa wake ni CDI", na aliyeniambia hakuwa na mita wala hakuwa amefungua hata kifuniko cha betri.

Dalili yako ya breki na indiketa ndiyo inayotoa siri yote. Umeme ukishapita kwenye balbu ya breki unatakiwa urudi betri kupitia waya wa hasi, ambao katika pikipiki za Honda ni wa kijani. Waya huo ukiwa na kutu au umekatika nyuzi, umeme hutafuta njia nyingine, kama maji yaliyozibiwa mfereji yanavyoingia shamba la jirani: unapita kwenye balbu za indiketa, unarudi kwa kuzunguka, na njiani unaziwasha kidogo. Hakuna CDI inayoweza kufanya hivyo, na hakuna betri mpya itakayoondoa hali hiyo. Taa moja ikiwaka kwa sababu umewasha nyingine, tafuta hasi iliyoharibika kabla hujafikiria jambo lolote jingine.

Sasa azima au nunua mita ya kidijiti ya bei ndogo, uiweke kwenye volti 20 za DC. Pima betri kwanza pikipiki ikiwa imezimwa na imepumzika: betri nzuri ya volti 12 iliyojaa itakupa kama 12.6 au zaidi, na ikisoma karibu na 12.0 imekwisha chaji, kwa hiyo ichaji kwanza nje ya pikipiki. Kisha washa swichi, mwombe mtu akanyage breki na asiachie, na upime kwenye soketi ya balbu ya breki yenyewe. Kwangu betri ilisoma 12.5 lakini kwenye balbu zilifika volti 9.4 tu. Volti 3.1 zilikuwa zimepotea njiani, na volti hazipotei hewani. Zimebaki mahali penye kizuizi, na kazi yako ni kupafuata mahali hapo.

Namna ya kupafuata ni hii, na ndicho kipimo ambacho hakuna fundi yeyote kati ya walioishika pikipiki yangu aliyekifanya. Ncha moja ya mita igusishe kwenye nguzo ya risasi ya upande wa hasi wa betri, nguzo yenyewe na si kibati kilichofungwa juu yake. Ncha ya pili igusishe kwenye chuma kilicho wazi cha injini, kisha kwenye fremu, kisha kwenye waya wa kijani unaoingia kwenye taa ya nyuma, huku breki imekanyagwa muda wote. Kila mahali mita inatakiwa isome karibu na sifuri, ikizidi 0.2 kwa mzigo mdogo kama huo, kuna kasoro kati ya ncha zako mbili. Kwangu injini ilisoma vizuri, lakini fremu na waya wa nyuma vilisoma karibu volti 3, na kati ya injini na fremu palikuwa na kibati kimoja kilichofungwa kwa bolti chini ya tenki. Juu kibati kilionekana kizima. Nilipofungua bolti nikakuta unga wa kijani upande wa chini, na ndani ya mpira wa waya, sehemu ulipobanwa, shaba ilikuwa imegeuka nyeusi na kubaki nyuzi chache. Ninaishi Tanga, na hewa ya chumvi hula shaba kimyakimya ndani ya mpira ambapo jicho halifiki.

Fundi wako atakwambia kwamba ameshapima hasi na mita imelia. Usikubali. Mita inapopima kwa mlio hupitisha umeme kidogo sana, na waya uliobakiwa na uzi mmoja utalia kama waya mzima. Hasara ya volti 3 kwa balbu ya breki ya wati 21 hutokana na kizuizi cha kama ohm 2 tu, wakati mita nyingi hulia hata kwenye ohm 20 au 30. Waya lazima upimwe ukiwa umebeba mzigo, taa ikiwa inawaka au honi ikiwa inalia.

Ukipata mahali pabovu, fungua, piga msasa mpaka chuma king'ae, kata sehemu ya waya iliyogeuka nyeusi, bana kibati kipya, kaza, kisha paka vaselini juu yake. Mimi niliongeza pia waya mpya mnene kutoka hasi ya betri hadi kwenye bolti ya injini na mwingine hadi kwenye fremu, nao ni wa gharama ndogo kuliko balbu moja. Angalia vilevile ndani ya kikombe cha taa ya mbele, ambako waya za kijani hukutana na maji ya mvua hutuama, na shingoni mwa usukani ambako waya hukunjwa kila unapokata kona hadi nyuzi zikavunjika ndani kwa ndani. Kwa wenye pikipiki nyingine, msitafute kijani: kwa Yamaha hasi kwa kawaida ni nyeusi, kwa Suzuki ni nyeusi yenye mstari mweupe, na kwa Boxer ni nyeusi yenye mstari wa njano.

Hata hiyo rektifaya iliyo kwenye orodha yako inategemea waya huo huo. Hasi yake ikiwa mbovu haiwezi kudhibiti umeme wa magneto ipasavyo, na matokeo yake ni balbu kuungua ukivuta mafuta au betri kutochajiwa inavyotakiwa. Niliiweka mpya juu ya hasi mbovu, balbu ya mbele ikaungua, na fundi yule yule akaniambia kwamba rektifaya niliyonunua ni feki na ninunue nyingine. Baada ya kutengeneza hasi niliirudisha ile ya zamani, na betri ikasoma volti 14.1 huku nikivuta mafuta, kiwango ambacho ni salama. Ikizidi 15 ndipo uwe na wasiwasi.

Na mahali pa fyuzi pakiwa pamewekwa kipande cha waya, kama nilivyokuta kwangu, kiondoe leo kabla ya kupima chochote, kwa sababu waya hizo zinapita chini ya tenki la petroli.

Andika hapa namba mbili: volti za betri, na volti kati ya nguzo ya hasi na fremu huku breki imekanyagwa. Ya pili ikizidi 0.2, huna sababu ya kwenda dukani kununua kitu kingine zaidi ya waya, vibati na karatasi ya msasa.