Kitambi na presha: majibu kwa wasomaji

Daktari, kliniki wameniambia unene ndio unaonipandishia presha. Mafuta si yamekaa tu tumboni? – Mama wa duka, Kondele, Kisumu

Hayajakaa tu, mama. Mafuta ya mwili hutengeneza homoni na kuzimwaga kwenye damu usiku na mchana. Mojawapo ni leptini, iliyogunduliwa mwaka 1994 na kikosi cha Jeffrey Friedman huko New York. Kazi yake ni kuuarifu ubongo kwamba akiba ipo, kula kupungue. Mafuta yakizidi, leptini nayo huzidi, hadi ubongo unaizoea na njaa inabaki palepale. Ajabu ni kwamba neva za figo hazizoei. Zinazidi kuchochewa, na figo zinabakiza chumvi na maji ambayo zingeyatoa kwa mkojo. Presha inapanda. Wapo watu wachache mno wanaozaliwa bila leptini: hunenepa kupindukia tangu utotoni, lakini presha zao hazipandi kama za wanene wengine. Mimi huo ndio ushahidi ulionishawishi.

Mafuta hayohayo hutoa pia anjiotensinojeni, ambayo mwili huigeuza kuwa homoni ya kubana mishipa ya damu.

Mikono na miguu yangu ni myembamba, kitambi tu ndicho kinanitangulia. Niko salama? – Wa bodaboda, Nakuru

Hapana. Mafuta yanayozunguka utumbo na ini ni korofi kuliko ya mapajani, tena yanaweza kuzibana figo zenyewe. Chukua utepe wa fundi cherehani, upime kiuno usawa wa kitovu ukishatoa pumzi. Kikizidi nusu ya urefu wako, kapimwe presha. Na usivute tumbo ndani, hapo hushonewi suruali.

Kuna sindano ya leptini? – Kakamega

Ipo, ila ni ya wenye upungufu wake. Mnene wa kawaida anayo tele.

Nina miaka 34. Nilianza na 168 kwa 102, natumia losartani, na nimepungua kilo 5. Niache dawa? – Dada wa Busia

Hongera, lakini usiache. Kilo moja ikipungua, namba ya juu hushuka kwa takriban 1, kwa hiyo kilo zako 5 pekee hazikufikishi chini ya 140. Losartani inaizuia ileile homoni inayobana mishipa. Peleka vipimo vyako kliniki, wao ndio watakaopunguza dozi. Na kama unapanga kubeba mimba, waambie kabla: losartani humdhuru mtoto tumboni, watakubadilishia.