Re: Wamezima kamera, nitajuaje kama wanaelewa?
Mwalimu mwenzangu, hilo la wanafunzi wa darasa la mtandaoni kuzima kamera, wote kupata 18 kwenye 20 kwenye mtihani, halafu ukiuliza swali kimya kama makaburini nalijua sana. Kamera usilazimishe, bando linaisha bure na mtu anaweza kukutolea macho huku akili iko kwingine kabisa. Mimi kila dakika 10 hivi natupa swali moja, wote wanaandika jibu kwenye chat (pale pa kuandikiana ujumbe) ila hakuna kutuma mpaka nihesabu tatu, hapo wa kunakilia hayupo. Na mtihani wa a b c d wa kufanyia nyumbani ni kujidanganya tu, bora wape kazi kisha kila mmoja akurekodie sauti dakika 2 aeleze kwa nini kajibu hivyo, aliyekopi utamjua mapema mno 😂. Kusikiliza kunachosha kweli, darasa likiwa kubwa sikiliza wachache kila wiki bila kuwaambia ni zamu ya nani.