Inro ya zamani: washa tochi kabla ya kusoma sahihi

Mnadani, watu wengi wakishika inro huipindua upesi kutafuta sahihi ya fundi. Mimi sahihi naiacha hadi mwisho. Majina kama Kajikawa na Koma yalirithiwa kizazi kwa kizazi, tena yakaigwa, na la Shibata Zeshin (1807–1891) limeghushiwa mno. Njoo na tochi ndogo na lenzi.

Kwa asiyeijua, inro ni kikasha cha vyumba vinavyopandana, aghalabu vitatu hadi vitano. Wanaume wa Japani enzi za Edo (1603–1868) walikining'iniza mshipini kwa kuwa kimono haina mifuko, wakatia humo mhuri au dawa. Kishikizo kiitwacho netsuke kilizuia uzi usichomoke.

Mulika kwa ubavu. Pambo likitupa kivuli, hiyo ni takamaki-e: fundi aliinua sehemu hiyo kwa urushi, yaani utomvu wa mti unaopakwa kama vanishi, uliochanganywa na unga wa mkaa au udongo, ndipo akanyunyiza dhahabu. Mwinuko ukiwa kidogo tu, ni hiramaki-e. Usipouona kabisa na picha ipo, huenda umeshika togidashi. Hapo picha ilinyunyizwa, ikafunikwa kwa urushi, kisha ikasuguliwa kwa mkaa mpaka ikaibuka tena, sawasawa na uso wa kikasha. Hiyo ndiyo naipenda kuliko zote, ingawa kabatini takamaki-e ndiyo inayovuta macho ya wanunuzi.

Kwenye lenzi, tafuta chembe za dhahabu, moja moja, nyingi katikati ya jani lililochorwa na chache pembezoni. Ukikuta michirizi ya brashi badala yake, uliza maswali. Kisha fungua vyumba: ndani mara nyingi pana nashiji, vipande vya dhahabu vilivyozama kwenye urushi wa rangi ya asali. Funga polepole. Inro nzuri husukuma hewa nje ikijifunga, na tawi la mti kwenye picha, lililokatwa na maungio ya vyumba, hukutana bila kupinda. Tawi likihama, pengine chumba kimoja si cha asili.

Ukishanunua, iweke mbali na dirisha na hita. Jua huufubaza urushi mweusi, na hewa kavu ya baridi ya Ulaya hukausha mbao za ndani hadi uso upasuke. Spiriti na polishi ya samani, hapana. Kitambaa laini kikavu kinatosha.

Angalia na netsuke. Kama ni ya pembe ya ndovu, Uingereza imepiga marufuku biashara yake tangu Juni 2022, isipokuwa kwa misamaha michache, kwa hiyo dai karatasi kabla ya kulipa. Na usithubutu kushuka nayo uwanja wa ndege wa Nairobi ukidhani umri wake utakutetea.