Imparfait ya Kifaransa: kwa nini “j'étais petit” lakini “j'ai habité dix ans”?

SWALI: Mimi ni mwongoza watalii mjini Arusha na huu ni mwaka wangu wa pili wa kujifunza Kifaransa. Viishio vya imparfait, njeo ya wakati uliopita kama katika “j'étais” (nilikuwa), nimevikariri, lakini nikisimulia habari za utoto wangu wageni hunisahihisha kwa namna ambayo kwangu inajipinga. Niliposema “Quand j'ai été petit, j'ai habité à Moshi”, nikimaanisha nilipokuwa mdogo nilikaa Moshi, mgeni mmoja alinirekebisha: “Quand j'étais petit, j'habitais à Moshi.” Kesho yake nikasema “J'habitais à Moshi pendant dix ans”, yaani kwa muda wa miaka kumi, na mgeni yuleyule akaniambia niseme “J'ai habité”. Je, miaka kumi si muda mrefu? Naomba pia nielezwe namna njeo hii inavyoundwa, ili nisibabaike kwenye vitenzi visivyo vya kawaida.

JIBU: Mgeni wako alikuwa sahihi mara zote mbili. Kilichokuchanganya ni kanuni inayorudiwa sana madarasani, kwamba imparfait ni njeo ya matukio marefu na passé composé, njeo nyingine ya wakati uliopita kama “j'ai habité”, ni ya matukio mafupi. Kanuni hiyo imewapotosha wanafunzi wengi, kwa sababu urefu wa tukio hauamui chochote. Wafaransa husema “La guerre de Cent Ans a duré cent seize ans”, yaani vita vile vilidumu miaka 116, kuanzia 1337 hadi 1453, na bado kitenzi kimewekwa kwenye passé composé.

Kinachoamua ni mahali anaposimama msimulizi. Akitumia imparfait anasimama ndani ya tukio: linaendelea kumzunguka, na mwanzo wake na mwisho wake havimo katika picha. Akitumia passé composé anasimama nje na kuliona zima, pamoja na ncha zake mbili. Uliposema “quand j'étais petit” ulikuwa unampeleka msikilizaji ndani ya utoto wako, kwa hiyo imparfait ndiyo iliyohitajika. Uliposema “pendant dix ans” ulikuwa unapima, na fundi hawezi kukupimia kitambaa ambacho ncha yake ya pili hajaiona. Mtu anayeweza kusema “miaka kumi kamili” amekwisha kutoka ndani ya miaka hiyo, ndiyo maana Kifaransa kinadai “j'ai habité”.

Tahadhari hapa: neno “pendant” lenyewe halilazimishi kitu. “Pendant la saison des pluies, nous restions à la maison” (wakati wa masika tulikuwa tukikaa nyumbani) ni sentensi sahihi kabisa, kwa sababu inaeleza desturi ya kila masika na haihesabu muda. Vivyo hivyo “toujours” (daima), ambalo vitabu vingi huliorodhesha kuwa alama ya imparfait, lipo katika “J'ai toujours aimé la montagne” (nimependa milima daima), kauli ya mtu anayetazama maisha yake yote hadi leo. Mimi huwashauri wanafunzi wangu waziweke kando orodha za maneno ya dalili na badala yake wajiulize kama muda au idadi imefungwa. “Mon grand-père venait chaque vendredi” (babu yangu alikuwa akija kila Ijumaa) ni mazoea yasiyohesabiwa, ilhali “Mon grand-père est venu trois fois” ni safari tatu zilizokwisha hesabiwa.

Kiswahili chako kinaweza kukusaidia, ingawa si kila mahali. Linganisha “Alipoingia, tulikuwa tukila” na “Alipoingia, tulikula”. Katika ya kwanza chakula kilikuwa kimeanza kabla hajafika, na Kifaransa kitasema “Quand il est entré, nous mangions”. Katika ya pili tulimngoja aingie ndipo tukala: “Quand il est entré, nous avons mangé.” Kwa vitenzi vya utendaji, basi, umbo la “-likuwa” pamoja na “-ki-” au “-na-” hukuelekeza vizuri kwenye imparfait.

Shida huanzia kwenye vitenzi vya hali. Kwa Kiswahili tunasema “nilikuwa mdogo”, “nilijua”, “nilipenda”, “nilitaka”, “kulikuwa na”, vyote kwa “-li-” ileile inayobeba “nilianguka” na “nilinunua”, na mwanafunzi akiwa amezoea kuifanya kila “-li-” kuwa passé composé, hutamka “j'ai été petit” bila kuhisi kasoro yoyote. Mara nyingi vitenzi hivi huhitaji imparfait: “j'étais”, “je savais”, “j'aimais”, “je voulais”, “il y avait”. Ukivipeleka kwenye passé composé, maana hugeuka. “Je savais” ni “nilikuwa najua”, lakini “j'ai su” ni “nilipata habari”, yaani ule wakati ujuzi ulipoingia. “Je ne voulais pas” ni “sikutaka”, na “je n'ai pas voulu” inakaribia “nilikataa”. “Je devais partir” ni “nilitakiwa kuondoka”, na msikilizaji hajui kama uliondoka; “j'ai dû partir” ni “ilinibidi niondoke”, na uliondoka kweli. Kwa mtu anayesimulia kila siku kama wewe, tofauti hizi zina uzito kuliko kiishio chochote.

Tuje kwenye uundaji, ambao ni mwepesi kuliko unavyodhani. Chukua kitenzi katika wakati uliopo, nafsi ya kwanza wingi (“nous”, sisi), uondoe “-ons”, kisha uongeze -ais, -ais, -ait, -ions, -iez, -aient. Kutoka “nous finissons” tunapata “je finissais”. Kutoka “nous prenons”, “je prenais”. Kutoka “nous buvons”, “je buvais”. Vitenzi unavyoviita visivyo vya kawaida vinatii kanuni hii, mradi umbo la “nous” ulijue. Kitenzi kimoja tu, “être”, huivunja, kwa sababu “nous sommes” haina “-ons” ya kuondoa; shina lake ni “ét-”, nacho huwa “j'étais, nous étions”. Vitenzi visivyo na nafsi ya “nous” ukariri vilivyo: “il fallait”, ilibidi, na “il pleuvait”, mvua ilikuwa ikinyesha.

Mahali pachache panahitaji jicho. “Manger” na “commencer” hulinda sauti yao mbele ya “a”, hivyo “je mangeais” na “je commençais”, lakini mbele ya “i” ulinzi huo hauhitajiki tena: “nous mangions”, “nous commencions”. Vitenzi ambavyo shina lake huishia na “i” huandikwa kwa “i” mbili, “nous étudiions”, “vous oubliiez”, na hilo si kosa la uchapaji. “Voir” hutoa “nous voyions”. Nayo “je faisais”, ingawa huandikwa “ai”, silabi yake ya kwanza hutamkwa kwa irabu hafifu kama ile ya “le”.

Katika matamshi, -ais, -ait na -aient ni sauti moja tu, iliyo karibu na “e” yetu ikitamkwa kwa mdomo uliofunguka zaidi. Maana yake ni kwamba katika mazungumzo nafsi nne kati ya sita hazitofautiani kwa kiishio. Ukikutana na kitabu cha zamani kilichoandikwa “j'avois” au “il étoit”, fahamu kwamba ni imparfait hiyohiyo. Tahajia ya “ai” ilikubaliwa rasmi na Académie française katika kamusi yake ya mwaka 1835. Kazi ya ulimi iko kwenye “nous parlions”, ambayo sauti ndogo ya “y” ndiyo pekee inayoitenga na “nous parlons” ya wakati uliopo. Itamke kwa uangalifu.

Kuna matumizi mawili ambayo Kiswahili hakikuandai. La kwanza ni sharti. Sisi husema “Ningekuwa na pesa, ningenunua gari”, tukiweka “-nge-” pande zote mbili, na kwa sababu hiyo wengi wetu husema “si j'aurais”. Kifaransa hakitaki ulinganifu huo: upande wa “si” huchukua imparfait na upande wa pili huchukua hali ya masharti, “Si j'avais de l'argent, j'achèterais une voiture.” Imparfait hiyo haizungumzii wakati uliopita hata kidogo, inaweka jambo mbali na uhalisi.

La pili ni usemi wa taarifa. Kwa Kiswahili mtu akituambia “naumwa”, jana au leo, tunaripoti “Alisema anaumwa”, na wakati uliopo unabaki. Kwa Kifaransa, kitenzi cha kusema kikiwa katika wakati uliopita, kinachoripotiwa hurudi nyuma pamoja nacho: “Il a dit qu'il était malade.” Ukisema “qu'il est malade” utaeleweka, lakini kwa kawaida msikilizaji atadhani unasisitiza kwamba bado anaumwa hadi sasa.

Kuhusu adabu, “Je voulais vous demander quelque chose” hulainisha ombi kama sisi tunavyosema “Nilikuwa naomba kukuuliza jambo”, kwa hiyo tumia bila woga.

Sasa jaribu kuwasimulia wageni hivi: “Quand j'étais petit, j'habitais à Moshi. De notre maison, on voyait le Kilimandjaro. Un matin, mon père m'a réveillé et nous sommes partis à pied. Il faisait froid et je ne savais pas où nous allions. J'ai vécu là-bas pendant dix ans.” Nyumba, mlima, baridi na kutokujua tulikokwenda vyote vimo katika imparfait, maana msikilizaji amesimama humo ndani pamoja nawe. Kuamshwa na kuondoka ni matendo yanayosukuma hadithi mbele, kila moja likiwa zima. Kisha katika sentensi ya mwisho unatoka nje, unageuka na kuipima miaka yote kumi kwa mara moja.